Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuchua, Kuuliza

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko nafasi niliyopewa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu akinishika vizuri mahali panapouma, je, mfupa au mshipa utarudi mahali pake? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kazi yangu ya kila siku hapa Dar es Salaam ni kushika watu migongo, mabega na magoti. Hata hivyo, dakika za kwanza na mgonjwa mpya mikono yangu huwa imetulia mapajani, namsikiliza. Nimechagua barua saba, nikazifupisha na kuondoa majina. Wanaoniita "dokta" nawaitikia kwa adabu, lakini mimi si daktari, na penye haja ya daktari nimesema wazi.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, nina miaka 41. Nina maumivu ya kiuno yanayoshuka kwenye tako na paja la kulia mpaka kwenye kigimbi, sasa ni wiki ya tano. Nimepigwa picha ya MRI, nikaambiwa pingili zimesagika na diski mbili zimechomoza. Mzee mmoja wa mtaani anasema ataivuta diski irudi. Nimenunua na mkanda wa kiuno. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, fundi. Tuanze na karatasi ya MRI, maana naona imekutisha kuliko maumivu yenyewe. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio yaliyokusanya tafiti 33 za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 40, asilimia 68 walionekana na diski (ile mito midogo iliyo kati ya pingili) zilizochakaa, na asilimia 50 walikuwa na diski zilizobenuka. Maana yake ni kwamba jirani yako wa cherehani ya pili, anayebeba majora ya vitambaa huku akitania wateja, angeweza kabisa kutoka kwenye mashine hiyo na karatasi kama yako. Neno "zimesagika" humfanya mtu aone unga ukidondoka ndani ya mgongo. Picha inasema jambo dogo kuliko hilo, na peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba hapo ndipo maumivu yanapotoka.

Ama kuhusu mzee wa kuvuta, diski imeshikamana na pingili ya juu na ya chini kwa nyuzi imara. Haitelezi kama kipande cha sabuni, na hakuna mkono, uwe wangu au wake, unaoweza kuisukuma ikarudi ndani. Mwili wenyewe ndio unaoifanya kazi hiyo taratibu, kwa sababu sehemu iliyochomoza mara nyingi hunywea kadiri miezi inavyokwenda, na wengi wenye maumivu ya kushuka mguuni hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12.

Utauliza, basi mikono ina kazi gani? Ukija, nitakuuliza kwanza kama maumivu yanazidi ukiwa umekaa unakanyaga cherehani au ukiwa umesimama unakata kitambaa mezani, kama ukikohoa yanaruka mguuni, na ni namna gani ya kulala inayokupa usingizi. Nitakuomba utembee kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino, kwa sababu neva iliyobanwa huonyesha udhaifu wake kwenye kigimbi au kwenye kidole gumba cha mguu kabla mwenyewe hujautambua. Nitagonga chini ya goti na nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Utalala chali, nami nitaunyanyua polepole mguu wako ukiwa umenyooka, na maumivu yakishuka hadi chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70 hivi, nitashuku kwamba mzizi wa neva umechokozeka.

Baada ya hapo nitakulaza kifudifudi na kukuomba usukume kifua juu kwa mikono, kiuno kikibaki kitandani, mara kumi. Hapo sitakuuliza yanauma kiasi gani tu, bali yanauma wapi. Maumivu yakitoka kwenye kigimbi yakakusanyika kiunoni, hata kama kiuno kitauma zaidi kwa muda, hiyo ni dalili nzuri, na tayari tumepata zoezi lako. Jambo hili tulilipata kwa bahati. Mwaka 1956, huko Wellington, Nyuzilandi, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mwenye maumivu ya mguu aingie ndani alale kifudifudi akimsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande mmoja, mgonjwa akalala hivyo hivyo mgongo ukiwa umepinda kwa nyuma, na McKenzie aliporudi akashtuka. Mgonjwa akamjibu kwamba mguu haujapata kuwa na nafuu kama ile kwa wiki kadhaa.

Nitabonyeza pia pingili moja baada ya nyingine kwa kiganja. Hapa sina budi kukiri kwamba wataalamu wawili wakiubonyeza mgongo mmoja, mara nyingi hawakubaliani ni pingili ipi iliyo ngumu. Kwa hiyo siviamini vidole vyangu peke yake: nabonyeza, kisha nakuomba uiname tena, na kama hakuna kilichobadilika tunajaribu njia nyingine. Nafuu ya mikono hudumu saa kadhaa au siku chache, na muda huo ndio wa kufanya mazoezi na kutembea, si wa kulala.

Mkanda uweke kabatini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda isitumike kama tiba ya kawaida, na vilevile kuvutwa kwa mashine. Unaotajwa kuwa na faida ni elimu, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono. Kwenye cherehani, simama kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwa kwenda kuchukua uzi tu. Lakini ukianza kufa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au haja ndogo ikakataa kutoka au ikatoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikalegea, usisubiri kesho wala usije kwangu. Nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

SWALI: Habari za kazi, dada. Nina miaka 29, naishi Sinza. Kinyozi wangu akimaliza kunyoa na kunipangusa kwa taulo la moto, hunishika kidevu na kuizungusha shingo ghafla mpaka ialike. Nasikia raha sana, lakini mke wangu amenikataza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri, kaka. Mkeo.

Nieleze kwa nini, kwa sababu wewe si wa kwanza kuuliza. Ule mlio haumaanishi kwamba kuna mfupa uliokuwa umetoka ukarudi. Ndani ya kiungo mna ute, na ndani ya ute mna gesi iliyoyeyuka, hivyo nyuso mbili za kiungo zikitenganishwa ghafla, hujitokeza uwazi wa gesi kwa kishindo kidogo. Ndiyo maana ukialisha kidole huwezi kukialisha tena papo hapo, inakubidi usubiri dakika 20 hivi. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wake wa kushoto kila siku kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha wa kulia, akaona mikono yote miwili haina tofauti ya ugonjwa wa viungo. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya utani ya Ig Nobel kwa subira hiyo. Kwa vidole, basi, sina ugomvi na mtu.

Shingo ni habari nyingine. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupanda kupitia matundu ya pembeni mwa pingili za shingo, na inapofika juu kabisa, chini ya fuvu, hupinda kona kali kabla ya kuingia kichwani. Kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5 kikizungushwa kwa nguvu na ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na donge likasafiri hadi kwenye ubongo. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea, na baadhi ya waliopata kiharusi kwa njia hiyo walikuwa vijana wa umri wako. Kinyozi hajakuuliza kama una presha, kama ulianguka na bodaboda mwezi uliopita, au kama kichwa kilianza kukuuma jana kwa namna usiyoizoea. Sisi tuliosomea huuliza hayo yote, na mara nyingi tukishauliza tunaamua kutoizungusha shingo kabisa. Njia za taratibu hutosha: kuisogeza pingili kidogo kidogo, kunyoosha misuli ya mabega, na mazoezi ya misuli midogo iliyo mbele ya shingo, ambayo watu wanaoinamia simu kutwa huiacha ikadhoofika.

Siku yoyote shingo ikizungushwa namna ile, kisha ukapata maumivu makali mapya ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona viwili viwili, ulimi mzito, taabu ya kumeza, ganzi usoni au kuyumba, nenda hospitali mara moja na useme wazi kwamba shingo ilizungushwa. Taulo la moto endelea nalo. Hata mimi nalipenda.

SWALI: Mimi ni kijana wa Gongo la Mboto, miaka 26, napakua mizigo. Mgongo unaniuma katikati, usawa wa chini ya mabega, mwezi wa tatu sasa. Nachuliwa kila Jumamosi lakini haupoi, hata nikilala unauma. Nimepungua mwili na usiku natoka jasho. Je, nije kwako unichue kitaalamu?

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Nenda kituo cha afya kesho asubuhi, useme maneno hayo hayo uliyoniandikia, na usiache kutaja jasho la usiku na kupungua mwili. Acha kuchuliwa mpaka upimwe.

Nina sababu ya kukujibu kwa ukali. Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, nilimpokea kijana anayelingana nawe, mbeba mizigo pia. Nilisikia "mbeba mizigo" nikaona nimeshapata jibu. Kwa wiki nne nilimchua na kumpa mazoezi, naye akija na kurudi kwa heshima zote. Wiki ya tano alivua shati akainama, nikapitisha kidole uti wote, na katikati kidole kikapanda juu ya pingili moja iliyochomoza kama kifungo kilichofichwa chini ya kitambaa. Ilikuwa inauma kwa kuguswa tu. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: usiku unatoka jasho? Akasema analowesha shuka. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipona kwa dawa, lakini wiki zile nne zilikuwa za kwangu, si za kwake.

Kifua kikuu cha mgongo kinaweza kuja bila kikohozi hata kimoja. Hula pingili na diski polepole, hupenda zaidi sehemu ya katikati na chini kidogo ya hapo, na kikiachwa huuvunja mgongo ukatoa kibyongo au kuibana neva kuu hadi miguu ikapooza. Daktari wa Uingereza Percivall Pott alikieleza tangu mwaka 1779, na huku kwetu bado tunakikuta. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kwa mgongo hutumiwa kwa muda mrefu kuliko miezi 6 iliyozoeleka kwa mapafu. Huenda wewe huna ugonjwa huo, na vipimo vikionyesha hivyo nitafurahi kukupokea. Ila mgongo unaouma mchana na usiku bila kujali umelalaje, kwa mtu anayekonda, haukandwi.

SWALI: Nilitegua kifundo cha mguu nikicheza mpira ufukweni, siku ya pili sasa. Mama anakanda kwa maji ya moto na chumvi, na jirani anataka kuuvuta "mshipa urudi". Kweli mshipa unatoka?

JIBU: Neno "mshipa" katika Kiswahili chetu limebebeshwa mengi: ni mrija wa damu, ni neva, ni kano, na wengine huita ngiri hivyo hivyo. Kilichoumia kwako huenda ni kano zinazofunga mfupa kwa mfupa upande wa nje wa kifundo. Zimevutika au zimechanika, hazikuhama, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Kuuvuta mguu siku ya pili ni kuuongezea jeraha, na maji ya moto pamoja na kuchua kwa nguvu huongeza uvimbe katika siku tatu za mwanzo. Mshukuru mama, umwombe asubiri.

Kwanza hakikisha mfupa haukuvunjika. Kama huwezi kupiga hatua 4, au ukibonyeza mfupa wenyewe katika sentimita 6 za mwisho za nundu ya nje au ya ndani ya kifundo hicho, upande wa nyuma, unaruka kwa maumivu, au panauma hivyo kwenye mfupa wa ukingo wa nje au wa ndani katikati ya wayo, nenda ukapigwe eksirei. Kama hakuna dalili hizo, funga bandeji, inua mguu unapokaa, na uanze kuukanyagia kadiri unavyovumilia. Mikono yetu huhitajika baadaye, goti linapokataa kwenda mbele ya vidole wakati wa kuchuchumaa. Na usirudi uwanjani mpaka uweze kusimama kwa mguu huo mmoja muda wote wa kupiga mswaki, kwa sababu wengi huutegua tena walipoutegulia.

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwalimu mstaafu wa kike, Kigamboni, miaka 61, nina kisukari. Bega la kushoto lilianza kuuma usiku bila kuanguka wala kubeba kitu, na sasa siwezi kujifunga mtandio, kufunga sidiria wala kusukwa nikiwa nimeinua mkono. Nilichuliwa kwa nguvu mara tatu, likazidi. Ni baridi yabisi?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Watu wetu huita kila maumivu ya kiungo baridi yabisi, lakini maelezo yako yanaelekea kwenye bega lililoganda. Jina hilo lilitolewa mwaka 1934 na daktari wa Boston, Ernest Codman, ambaye mwenyewe aliungama kwamba ni ugonjwa mgumu kuueleza na mgumu kuutibu. Hupata zaidi watu wa miaka 40 hadi 65, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara kadhaa kuliko wasio nacho. Kifuko kinachozunguka kiungo huvimba, kisha hukakamaa na kusinyaa.

Kipimo kinachonipa jibu hakihitaji mashine. Nitakukalisha kwenye kiti, kiwiko chako kikiwa kimegusa ubavu na kimekunjwa, nami nitaupeleka mkono wako nje, kama mtu anayefungua mlango. Wakati huo kiganja changu kingine kitakuwa juu ya ubapa wa bega lako, maana ubapa ni mdanganyifu: kiungo kikigoma, wenyewe huinuka ili uonekane umesogea. Mkono ukikwama karibu na mwanzo, na ukakwama palepale ninapoupeleka mimi kama unapoupeleka wewe mwenyewe, basi tatizo ni kifuko. Kama ningeweza kuufikisha mbali kwa mkono wangu huku wewe huwezi kwa nguvu zako, ningeshuku kano za bega badala yake. Nitapima na shingo, kwa sababu neva ya shingoni huweza kujifanya bega. Ningependa pia eksirei moja, ili tusikosee.

Kuchuliwa kwa nguvu kulizidisha kwa sababu ugonjwa huu una vipindi, na kipindi cha kwanza ni cha moto. Mwaustralia Geoffrey Maitland alitufundisha kuugawa msogeo wa mkono katika madaraja. Daraja la kwanza ni mtikisiko mdogo sana mwanzoni mwa msogeo, la pili ni mpana zaidi lakini haufiki kwenye kizuizi. Hayo mawili ndiyo ya bega linalouma usiku, na mgonjwa hudhani hata hujaanza kazi. La tatu na la nne huingia kwenye ugumu wenyewe, mwisho wa msogeo, nayo ni ya bega lililokwisha kutulia likabaki gumu. Mlango wa mbao uliovimba wakati wa masika hausukumwi kwa bega siku ya mvua. Unasubiriwa ukauke kidogo, kisha unapigwa randa pale panapogusa.

Nyumbani, shika ukingo wa meza kwa mkono mzima, inama, uache ule mgonjwa uning'inie na kuyumba kama pendulamu ya saa, dakika mbili, mara tatu kwa siku. Baadaye utautumia mpini wa ufagio kuusukuma mkono nje, na kamba iliyopitishwa juu ya mlango ili mkono mzima uuvute mgonjwa. Daktari anaweza kukushauri sindano ya kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo, ambayo husaidia hasa katika kipindi cha mwanzo, lakini kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo mkumbushe na upime mara kwa mara. Sitakuficha muda, mwalimu: hili jambo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Usiku wa maumivu makali kwa kawaida ndio huisha kwanza, mtandio hufuata, na sidiria huwa ya mwisho.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi wa Mbagala, miaka 67. Magoti yanauma na kulia, nimeambiwa ute umeisha. Nakunywa maji ya bamia kila asubuhi miezi miwili, sijaona tofauti. Nasali kwenye kiti sasa. Je, mikono inaweza kurudisha ute?

JIBU: Shikamoo bibi. Bamia ni mboga nzuri, endelea kuzila kwa ugali, lakini utelezi wake huishia tumboni, haufiki gotini. Na goti zima la mtu mwenye afya lina ute mchache sana, usiojaa hata kijiko kimoja cha chai. Goti lililochakaa mara nyingi lina ute mwingi zaidi, si pungufu, ndiyo maana huvimba. Naweza kukuonyesha: nikipangusa upande wa ndani wa goti kwenda juu, kisha nikashuka kwa upande wa nje, utaona wimbi dogo likirudi chini ya ngozi. Kinachopungua ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na hata huo haulingani moja kwa moja na maumivu, kwa kuwa nimeona eksirei mbaya za watu wanaopanda ngazi za daraja la mwendokasi bila kupumzika.

Nitakuuliza asubuhi magoti yanakaza kwa muda gani. Yakilegea kabla ya nusu saa, ni uchakavu. Yakikaza zaidi ya saa nzima, na vidole vya mikono vikiwa vimevimba pia, nitakupeleka kwa daktari, kwani hiyo huenda ndiyo baridi yabisi yenyewe. Kisha nitaweka mkono chini ya goti lako na kukuomba ulibonyeze kitandani. Wengi hukosa nyuzi chache za mwisho za kulinyoosha, na hapo ndipo mikono yangu inaposaidia: kulisukuma lifike mwisho, na kukitelezesha kifuniko cha goti juu na chini. Zinazobaki ni kazi za misuli ya paja. Kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika, keti polepole, mara kumi, asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo yatauma kidogo, na hilo haliyaharibu. Kama mwili umeongezeka, kila kilo moja inayopungua hulitua goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Kwenye ngazi, panda kwa mguu mzima kwanza, shuka kwa mguu mgonjwa kwanza. Kuhusu sijda, sali kwenye kiti bila kujilaumu. Tutaijaribu sakafuni kwa mto, na sitaahidi ni lini.

SWALI: Baba wa Tabata, miaka 52, sina ugonjwa. Jioni hulala kifudifudi, mwanangu wa miaka 6 hunikanyaga mgongo. Kuna madhara?

JIBU: Kwa mtu mzima mwenye mifupa imara, asiye na dalili nilizozitaja juu, hapana, na raha yake naijua. Mtu wa makamo anayetumia dawa za kotizoni kwa muda mrefu, au mama aliyekoma hedhi ambaye mfupa wake umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, asifanye hivyo, maana pingili zake zinaweza kubonyea. Lala kwenye mkeka, si kwenye godoro. Mtoto avue viatu, ashike ukuta, akanyage nyama za pembeni na matako badala ya uti wenyewe, asipande kwenye shingo wala usawa wa figo, na asirukeruke hata akikuomba ruhusa.